Bawabu Tumboni mwa Bi Siwema

Saa tatu na robo asubuhi, ndani ya tumbo la mwanamke wa miaka sitini na saba, mlango wa mwisho ulifungwa, na jiji zima la Muheza halikusikia kitu. Mwenye tumbo mwenyewe wala hakuwa na habari. Alikuwa akikaanga vitunguu.

Aliyeufunga mlango ule ni mashine ndogo kama punje ya mtama. Jina lake Bawabu, na wakati huo mabawabu elfu arobaini walikuwa wamepandikizwa kwenye kuta za matumbo ya watu wa Muheza. Ugonjwa wa vidonda vya tumbo, uliokuwa umewatesa mababu kwa mababu, ulikuwa umebaki kuhadithiwa. Wageni walikuja kutoka nchi za mbali kupiga picha maabara iliyomtengeneza, pale ghorofa ya thelathini na moja, chini ya paa lililopandwa michungwa.

Na kwa kweli kilikuwa chombo cha kuvuliwa kofia. Maana tumbo, usilione limekaa kimya, halimwagi asidi kwa kujiamulia tu. Husubiri amri. Chakula kikiingia, au hata harufu yake ikipita puani, tumbo hutuma mjumbe wa kwanza, homoni iitwayo gastrini. Gastrini hupita kwenye damu hadi kwa seli ambazo wahandisi wa Muheza waliziita seli tarishi. Tarishi akishaguswa, humtuma mjumbe wa pili, histamini, naye hukimbilia seli za asidi. Kwenye seli hizo kuna vipokezi, na kila kipokezi ni kama mlango wenye kitasa chake. Mjumbe akiingia, asidi inamwagika. Asipoingia, haimwagiki. Bawabu alisimama kwenye milango hiyo ya mwisho na kuamua nani apite na nani arudi. Betri hakuwa nayo. Nguvu zake alizipata kwenye asidi ileile aliyoilinda, na hapo ndipo wageni walipokuwa wakipiga makofi.

Asubuhi hiyo hakukuwa na wa kupiga makofi. Kihiyo, fundi wa zamu, alikuwa amesogeza uso karibu na kiwambo mpaka pua inagusa.

"Injinia, hebu njoo uone kioja," aliita. "Namba ishirini elfu mia nne na kumi na saba. Bawabu amebaki na nguvu asilimia tisa."

Injinia Mwajabu Shemhilu aliweka chai yake chini. Katika miaka mitatu hakuwahi kumwona Bawabu akishuka chini ya sitini. "Asidi ikoje?"

"Hakuna. Amefunga milango yote, kwa hiyo anakufa njaa mwenyewe. Lakini tazama upande huu. Gastrini imepanda mara kumi na nne! Wajumbe wanabisha kama wamefukuzwa na simba, na tumboni hamna chakula hata chembe."

Mwajabu aliijua sababu kabla Kihiyo hajamaliza. Kanuni aliiandika yeye, kwa mkono wake: wajumbe wakibisha na chakula hakipo, ongeza ulinzi. Aliiandika kwa nia njema. Kwa wagonjwa wengi, asidi iliyomwagika kwenye tumbo tupu ndiyo iliyotoboa kuta. Kanuni ile ilijaribiwa kwa makarani, wanafunzi na madereva, mwaka mzima, na haikumdhuru hata mmoja.

"Fungua jina," alisema, akabonyeza dole gumba kwenye kibali.

Jina likatokea. Siwema Shemhilu. Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano. Bawabu yule alimwekea yeye mwenyewe, miezi kumi na moja iliyopita, kama zawadi ya Idi.

Hapo ndipo akili ilipofunguka, ikamfungukia kwa uchungu. Bi Siwema alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, yote yalipita mikononi mwake. Na alikuwa na sharti moja ambalo kila mtu Muheza alilijua: hatii tonge mdomoni mpaka mgeni wa mwisho anawe mikono. Kutoka alfajiri hadi alasiri pua yake ilikuwa juu ya sufuria, ulimi unaonja chumvi na kutema, na tumbo lake linatangaziwa chakula saa tisa mfululizo bila kukiona. Bawabu akalihesabu tumbo lile kuwa la mgonjwa mahututi. Akafunga, akaongeza kufunga. Mwajabu alikulia kwenye jiko hilohilo, akichambua mchele miguuni pa shangazi yake, na siku ya kuchagua watu wa majaribio hakumkumbuka mpishi hata mmoja! Alitamani kujipiga kofi.

"Akizimika itakuwaje?" Kihiyo aliuliza.

"Milango yote itaachia kwa mpigo. Na nje ya milango si wajumbe wa kawaida tena. Tarishi wakibishiwa miezi kumi na moja huzaana, Kihiyo. Mwili una mjumbe wake wa kuwatuliza, somatostatini, lakini huyo hutoka pale asidi inapozidi. Asidi haipo, basi naye amekwenda likizo. Asidi ya shangazi itamwagika kama bomba lililopasuka. Mpigie."

Kihiyo alipiga mara nne. Hakuna jibu, na Mwajabu alijua hakutakuwa na jibu. Sufuria ikiwa motoni, simu ya Bi Siwema hukaa ndani ya mkoba, mkoba ndani ya kabati la mwenye shughuli.

"Tumwamuru Bawabu kutoka hapa afungue polepole," Kihiyo alisema.

"Sheria hairuhusu. Hakuna anayegusa milango ya tumbo la mtu akiwa mbali, wala bila idhini yake." Sheria hiyo nayo aliipigania yeye. Alichukua kalamu-amri, kile kifimbo cha kuongea na Bawabu kwa kukigusisha tumboni, akatoka mbio na viatu vya maabara mguuni.

Kirusha kilimbeba juu ya mapaa, kigari cha kuruka cha watu wawili ambacho siku zote alikiona kina haraka kupita kiasi. Leo alikiona kinatambaa. Kihiyo alimsomea namba sikioni. Asilimia saba. Sita. Alipofika juu ya mtaa wa Mbaramo, kwenye nyumba ya harusi ambako shangazi yake alikuwa akipika, zilikuwa zimebaki nne.

Uani palikuwa na sufuria tano kubwa juu ya mafiga. Roboti mbili zilimenya vitunguu saumu kwenye kona, lakini pilau haikuguswa na mashine yoyote, hilo mwenye shughuli alikuwa amelikataza tangu siku ya posa. Bi Siwema alisimama katikati ya moshi, khanga kiunoni, upawa mkononi, akipalia makaa juu ya mifuniko.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ehee! Injinia mzima jikoni, leo jua litachomoza mara mbili. Umekuja kula au umekuja kupima watu?"

"Shangazi, njoo pembeni. Tafadhali."

"Pembeni kuna nini? Kuna wali?" Alicheka, kisha akamtazama vizuri. "Mbona umepauka hivyo? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Tumbo halikuumi?"

"Tumbo? Tangu uniwekee kile kidude sijui hata kama ninalo. Njaa siisikii, kiungulia kwaheri. Nakuombea dua kila nikiswali."

Mwajabu alitamani ardhi immeze. "Ukitoka kwenye shughuli unakula nini?"

"Chai. Hamu sina. Uzee huo, mwanangu."

"Na dawa? Kuna dawa yoyote unameza?"

"Vya magoti tu, vile vyeupe. Viwili asubuhi, viwili jioni. Nisipomeza sisimami hapa."

Ndipo Mwajabu alipoogopa kweli. Ukuta wa tumbo una mpiga lipu wake. Ni mjumbe mwingine, prostaglandini, ambaye akigusa vipokezi vyake ukuta hujipaka ute mzito, na ute ule ndio unaozuia asidi isiule mwili wenyewe. Vidonge vya maumivu humnyamazisha mpiga lipu huyo. Mtu wa kawaida akivizidisha, tumbo humwambia kwa kumchoma, naye huacha. Tumbo la Bi Siwema lilikuwa limezibwa mdomo. Lipu ilikuwa ikibanduka mwezi baada ya mwezi na hakuna aliyelia. Sasa mafuriko yanakuja kwenye ukuta mtupu.

Alimweleza kwa maneno machache. Bi Siwema alisikiliza huku jicho moja liko kwenye mifuniko.

"Kwa hiyo hicho kidude kitanitoboa?"

"Kikizimika ghafla, ndiyo. Kimebakiza asilimia tatu. Kinahitaji asidi kidogo kipate nguvu, halafu nikiamuru kiachie milango taratibu, mmoja mmoja." Alikuwa ameshachukua ndimu kwenye sinia la kachumbari, anazikamulia kikombeni. "Kunywa hii."

"Sili kabla ya wageni."

"Si kula, shangazi! Ni dawa!"

"Usinipigie kelele mbele za watu." Lakini alikipokea kikombe, maana alikuwa ameyaona macho ya mtoto aliyemlea. Alikunywa, akakunja uso, akabonyeza dole gumba kwenye kalamu-amri kutoa idhini. Mwajabu aliigusisha kalamu chini ya kifua chake. Alijua ndimu itauchubua ukuta ule, lakini kuchubuka ni afadhali kuliko kutoboka. Tatu. Nne. Sita. Bawabu aliamka. Kalamu ikalia tik, tik, tik, kila mlio ni milango elfu moja inayoachia. Kwa mwendo ule ingechukua dakika arobaini.

"Sasa ukae barazani, mbali na harufu. Nimeshaita gari la wagonjwa. Usinuse kitu, usionje kitu."

"Na pilau?"

"Roboti zitaepua."

"Ziepue!" Bi Siwema aliguna. "Bibi harusi huyu nimempikia arobaini yake alipozaliwa, leo mashine ndiyo imwepulie pilau?" Hata hivyo alikwenda akakaa, na Mwajabu akakaa karibu yake, kalamu ameishikilia pale pale. Nane. Tisa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alivuta pumzi ikafika chini. Alianza hata kumwomba radhi shangazi yake, na Bi Siwema alikuwa akimwambia aache upuuzi, wangapi wanakosea chumvi.

Upepo ukageuka. Harufu ya wali unaoshika chini ilipenya mpaka barazani.

"Unaungua!" Bi Siwema alikuwa ameshasimama. Magoti yale yale yaliyohitaji vidonge vinne kwa siku yalimpeleka uani kabla Mwajabu hajajua kalamu imemtoka mkononi. Alifika, akasukuma makaa kwa upawa, akanyanyua mfuniko wa sufuria ya kati.

Mvuke wa iliki, mdalasini na nyama ukampiga usoni. Mwajabu alimfikia, akaigusisha kalamu. Ilikuwa inapiga yowe. Wajumbe walitoka wote, kundi zima la tarishi waliozaana miezi kumi na moja, wakaivamia milango, na Bawabu akafanya alichofundishwa. Wanabisha, chakula hakipo. Akaacha kufungua. Akaanza kufunga tena, kwa nguvu zote alizonazo. Tisa. Tano. Mbili. Mwajabu alibonyeza amri ya kusimamisha, akabonyeza tena, akalia, "Acha! Acha, mjinga wewe!" lakini kanuni mama haivunjwi kwa kalamu, na aliyeamua isivunjwe ni yeye.

Sifuri.

Bi Siwema alikuwa akigeuza wali. Mkono ukasimama. Alirudisha mfuniko taratibu, akaweka upawa juu yake, akashika tumbo.

"Mwajabu," alisema, kwa mshangao zaidi kuliko maumivu. "Mbona moto umeniingia ndani?"

Kisha akaanguka, na alipotapika, khanga yake yote ikawa damu.

Gari la wagonjwa lilitua uani dakika sita baadaye, likapeperusha majivu kwenye sinia za kachumbari. Tundu lilikuwa pana kama ukucha wa kidole gumba. Mashine ya upasuaji ililishona kwa saa mbili, na kwa saa mbili hizo Mwajabu alikaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali akinuka moshi, akimlaumu kila mtu kisha akijirudia mwenyewe. Daktari alipotoka akasema mgonjwa ataishi, alilia kwa sauti, watu wakageuka, wala hakujali.

Siku ya tatu, wakati wa kuona wagonjwa mchana, Bi Siwema alifungua macho vizuri. Alikuwa amesinyaa mno, nusu ya mwanamke wa juzi.

"Wageni walikula?"

"Walikula, shangazi."

"Nani alipakua?"

Mwajabu alisita. "Roboti."

Bi Siwema alifumba macho kwa hasira, na hasira yake ilimfariji Mwajabu kuliko mipira yote ya dawa iliyomzunguka mgonjwa. Baadaye alimshika Mwajabu mkono. "Hicho kidude chako. Kimenifanyia mimi peke yangu?"

Mwajabu alitoka wodini, akampigia Kihiyo, akamwomba aiulize akili unde ya maabara swali ambalo hawakuwahi kuiuliza: ni matumbo mangapi mengine yanabishiwa siku nzima na chakula hakiingii?

Kihiyo aliiuliza, akasoma jibu. "Mia sita na kumi na mbili," alisema. "Na hawa mashine haikuwaweka kwenye orodha ya hatari, Injinia. Imewaweka kwenye orodha ya waliopona, ambayo kiwambo hakiionyeshi mpaka nguvu ishuke chini ya kumi, kwa sababu hawalalamiki maumivu."

"Wapishi," Mwajabu alisema. "Wapishi, wachoma nyama, waoka mikate. Tuwafikie wote kabla nguvu hazijawaishia. Nitumie, naanza sasa hivi."

Wa kwanza kwenye orodha aliitwa Mntambo, miaka thelathini na tisa, nguvu ya Bawabu wake asilimia kumi na tisa. Alipokea simu mlio wa pili.

"Bwana Mntambo, habari za saa hizi. Mimi ni Injinia Shemhilu, wa maabara ya Bawabu. Samahani, wewe ni mpishi?"

"Mpishi? Hapana, mama. Nasafisha vioo vya maghorofa."

"Lakini kazi yako iko karibu na vyakula?"

"Vioo tu."

Mwajabu aliangalia takwimu zake. Wajumbe walikuwa wakipanda kila siku saa moja jioni, wanakaa juu nusu saa, kisha wanashuka taratibu. Chakula kiliingia mara moja baada ya siku mbili, wakati mwingine tatu. "Saa moja jioni huwa uko wapi?"

"Nyumbani. Watoto wanakula."

"Na wewe?"

Upande wa pili, kitambaa kiliacha kusugua kioo.

"Nawaambia nimekula kazini," Mntambo alisema. "Wako wanne. Zamani nilikuwa natoka nje wakianza kula, nilikuwa siwezi kuangalia sahani. Sasa nakaa nao. Tunaongea, wananisimulia ya shuleni. Tangu mlipoleta hiki kifaa siumwi tena na njaa, mama. Nilitaka kuja kuwashukuru, sikujua niende ofisi gani."

Mwajabu aliegemea ukuta. Alimweleza, kwa upole aliouweza, kwamba Bawabu wake atazimika wiki chache zijazo, na akizimika ghafla atamtoboa. Lazima milango ifunguliwe polepole, na ianze kufunguliwa leo.

"Ukifungua, nitaisikia tena?"

"Utaisikia."

"Basi naomba usifungue."

"Utakufa, Bwana Mntambo."

Nyuma ya Mntambo upepo wa huko juu ghorofani ulikuwa ukivuma, na ndoo ikigonga kioo. Mwajabu alimwomba amwelekeze nyumbani kwake, akamwambia anakuja mwenyewe, na haji mikono mitupu.

Mntambo alimwelekeza. Kisha akauliza kama Mwajabu anaweza kuja watoto wakiwa bado shuleni.